Tembe ya Tangawizi

Yako maneno ambayo mtu huyatumia miaka mingi akidhani anayajua, kumbe anajua sauti yake tu. Kwangu mimi neno moja la namna hiyo lilikuwa tembe. Nimelifundisha darasani mara nyingi. Nimelitolea maana ubaoni kuwa ni nyumba ya udongo yenye paa la bapa, na wanafunzi wangu wameiandika madaftarini mwao kama nilivyosema. Upungufu wa maana hiyo sikuujua mpaka nilipojaribu kujenga tembe kwa mikono yangu, si kwa miti na udongo, bali kwa unga, asali na tangawizi, katika jiko la mama yangu Singida, siku nne kabla ya Krismasi.

Chanzo chake kilikuwa binti yangu mwenye umri wa miaka kumi. Alikuwa ameona katika kitabu cha picha nyumba ya mkate wa tangawizi, paa lake limesimama kama viganja vya mtu aombaye, na juu yake sukari nyeupe mfano wa theluji. Akataka tujenge kama ile. Nilimwuliza theluji hiyo ataiona wapi Singida, mahali ambapo mwezi wa Desemba watu hutazama mbingu kwa hamu ya mvua. Akaniuliza naye, "Basi, mama, tujenge nyumba gani?" Kwa haraka ya mwalimu apendaye kushinda hoja, nikajibu, "Tutajenga tembe."

Haki ni kusema kwamba pambo hili asili yake ni Ulaya. Mji wa Nürnberg katika Ujerumani unajulikana kwa mikate ya asali na viungo tangu mwisho wa karne ya 14. Na katika mwaka 1812 ndugu wawili wa ukoo wa Grimm walichapisha hadithi ya watoto waliopotea msituni wakakuta nyumba ya mkate yenye madirisha ya sukari. Waokaji wakapata mfano wa kuiga. Waswidi nao huoka biskuti za tangawizi kila Krismasi, na kwa njia yao desturi hii ilisogea karibu nasi. Walutheri wa Leipzig walianza kazi Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1920 kazi ile ikashikwa na misheni ya Augustana ya Marekani, ambayo watu wake wengi walikuwa wa nasaba ya Kiswidi. Mama yangu alipokuwa msichana alisaidia kazi katika jiko la nyumba moja ya misheni. Huko alijifunza kuoka biskuti hizo, na sisi watoto wake tulikua tukidhani kwamba ni chakula cha Wanyaturu.

Wala hatukukosea sana. Umbo ni geni, lakini vitu vyenyewe ni vya kwetu. Tangawizi tuliyotwanga ilitoka milima ya Upare, katika wilaya ya Same. Karafuu ilikuwa ya Pemba. Mafuta yalikuwa ya alizeti, na asali ilitoka upande wa Itigi, katika mkoa huu huu wetu. Waokaji wa Nürnberg walingojea viungo vilivyovuka Bahari ya Hindi na kupita mikono mingi. Mimi nilivipata sokoni asubuhi moja, nikarudi nyumbani kabla ya jua kuwa kali.

Tulikanda unga pamoja na asali iliyopashwa moto, tangawizi, mdalasini na karafuu. Magadi tulitia kidogo mno, maana mkate wa kujengea ukiumuka hupoteza kipimo chake. Tukauacha ulale usiku kucha. Asubuhi binti yangu alikata vipimo vya kuta kwa karatasi ya boksi, tukausukuma unga kwa chupa, tukafuatisha vipimo kwa kisu. Tanuri hatukuwa nalo. Tulioka katika sufuria pana, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, ubao mmoja baada ya mwingine, na kila ubao tuliunyoosha kingo ungali moto, kwa kuwa ukipoa haukubali kisu tena. Gundi yetu ilikuwa ute wa yai uliopigwa kwa sukari ya unga. Nayo ikikauka hushika kama saruji.

Nilisimamisha kuta nne. Zilipokauka niliziwekea paa juu yake. Paa lilikaa muda wa kuhesabu ishirini, likapinda katikati, likavunjika, likaanguka na kuta mbili. Binti yangu alianza kulia. Mama, ambaye alikuwa akichambua mchele mlangoni bila ya kusema neno, aliweka ungo chini.

"Mwanangu, hiyo ni nyumba ya nani?"

"Ni tembe, mama."

"Hiyo ni boksi. Paa la tembe halikai juu ya ukuta. Lina nguzo zake zenye panda, na boriti juu ya panda. Ukuta ni nguo tu. Mvua ikiula, unapiga udongo mwingine, na paa halina habari."

Niliona haya. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia wanafunzi habari za nguo, na mwili wa nyumba sikuwa nimeutaja hata mara moja.

Tuliwasha makaa upya. Mama alikaa katika kigoda akatuamuru. Tulioka nguzo tisa zenye panda, nene kama kidole gumba. Vijiti vya mdalasini vikawa boriti, na tambi kavu zikawa fito. Ndipo juu yake tukalaza paa jembamba, nalo likatulia. Kuta zilikuja mwisho. Alisema kwamba nguzo na paa zilikuwa kazi ya wanaume, na kupiga udongo kazi ya wanawake; kwa hiyo hapo alinawa mikono, akaja kupaka ute wa sukari mwenyewe, kwa vidole vitatu, kutoka chini kwenda juu.

Katika kupaka huko alianza kusema. Mlango uelekee machweo, alisema, ili upepo wa mashariki usiingize vumbi. Huku walilala ndama. Hapa kilisimama kihenge cha mtama. Hapa palikuwa na mafiga, na ukuta wa nyuma yake ulikuwa mweusi unaong'aa. Nikatambua kwamba hatujengi tembe yoyote tu. Tulikuwa tukijenga tembe ambayo baba aliisimamisha walipooana, ile waliyoiacha mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, walipohamia kijiji kipya na mtoto wao wa kwanza mgongoni. Habari za kuhama tulizijua. Habari za nyumba yenyewe hakuwa ametusimulia kamwe.

"Ulirudi kuitazama?" binti yangu alimwuliza.

"Nilirudi mara moja, baada ya masika mawili," alisema. "Tembe isiyo na moto ndani haidumu. Nilikuta nguzo tatu na nyasi."

Usiku wa tarehe 23 mvua ilinyesha. Asali huvuta unyevu wa hewa, na asubuhi kuta zilikuwa zimelegea. Mama alitwambia tuwashe makaa kidogo tuweke tembe karibu yake, na kwa siku mbili watu wa nyumba ile walipokezana kuangalia moto wa nyumba isiyo na mtu.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, wajukuu walikusanyika. Nilimwomba mama ruhusa tusiivunje, tuihifadhi. Alinitazama kama mtu atazamaye mtoto aliyechelewa kusema.

"Ile niliiacha nzima," alisema. "Hii nitaigawa mwenyewe."

Akaondoa paa kwa mikono miwili, akalimega. Aliwagawia watoto kwa vyumba: mdogo kuliko wote alipata chumba cha ndama, binti yangu alipata kihenge. Mimi nilipewa nguzo moja yenye panda. Ilikuwa ngumu, yenye tangawizi kali, nikaitafuna kwa muda mrefu.

Muhula ulipofunguliwa nililiandika tena neno tembe ubaoni. Safari hii nilianza na nguzo.