Ghorofa 12 na bomba la inchi sita

Blogu hii ni ya mambo ya programu, na najua wengi wenu huja hapa kutafuta kwa nini PHP yenu imekufa usiku wa manane. Leo mnisamehe. Kwa wiki kadhaa sasa jioni zangu zimeliwa na jengo ambalo hata msingi wake haujachimbwa, na nimeona heri niandike wakati bado nakumbuka nani alisema nini. Vumilieni. Kuna programu ndani yake, mtaiona.

Mambo yenyewe ni haya. Mtaa ninaokaa uko upande wa juu wa Nakuru, kwenye mteremko wa Menengai. Ploti ni za nusu ekari, nyumba ni za zamani zisizo na ghorofa, kila moja na mparachichi wake na mbwa wake. Mwenye ploti mmoja aliuza, na aliyenunua akaweka ubao wa notisi getini: jengo la ghorofa 12, nyumba 96 za kupangisha. Ubao ulifungwa ndani ya ua, maandishi yakitazama nyumba tupu badala ya barabara (sitanii). Mtu wa kwanza kuusoma alikuwa kijana anayeleta maziwa.

Chama cha wakazi kikaitisha mkutano, kundi la WhatsApp likajaa sauti za wazee za dakika nne nne, na mimi nikaitwa. Si kwa sababu ya hekima. Mimi ni mpangaji tu, nakaa kwenye SQ nyuma ya nyumba ya Mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu, ambaye ploti yake imepakana na hiyo upande wa mashariki. Mtaani naitwa "kijana wa kompyuta". Kazi niliyopewa ilikuwa kupiga chapa pingamizi na kupanga sahihi kwenye jedwali la Excel.

Katika mkutano huo nilihesabu sababu kumi na moja za kulikataa jengo. Maji, majitaka, foleni, kivuli, tetemeko la ardhi, kelele, bei ya ploti kushuka, bei ya ploti kupanda (zote mbili, na mtu yule yule), usalama, watoto, na "aina ya watu". Nikarudi kwangu na jambo moja kichwani: zile zinazopimika nitazipima kabla sijaziandika. Afisa wa kaunti akisoma barua yenye sababu kumi na moja, atachukua ile dhaifu kuliko zote na kuijibu hiyo.

Nikaanza na maji. Tuseme kila nyumba ina watu watatu, na kila mtu atumie lita 80 kwa siku, ambazo si nyingi kwa mtu aoge, apike na afue. 96 mara 3 mara 80 ni lita 23,040 kila siku. Kwetu maji ya bomba huja siku mbili au tatu kwa wiki, na siku hizo tunasikia matangi ya mtaa mzima yakijaa. Lori la maji la lita 10,000 lingehitajika zaidi ya mara mbili kila siku, Jumapili ikiwemo. Kisima? Wenyeji wa Bonde la Ufa hawahitaji maelezo kuhusu floraidi iliyo kwenye maji ya chini ya ardhi. Cheka mbele ya mtu wa Nakuru naye acheke, mtaonana meno.

Maji yakiingia lazima yatoke. Fundi ambaye amelifukua bomba la majitaka la barabara yetu mara tatu aliniambia ni la inchi sita, na kwamba lilipolazwa hakuna aliyewaza zaidi ya familia moja kwa kila nusu ekari. Sehemu kubwa ya Nakuru haina hata hilo bomba, watu wanategemea mashimo na malori ya kunyonya. Na kumbukeni mji huu umekaa wapi. Sisi tuko juu, ziwa liko chini, na Ziwa Nakuru halina mto wa kutokea: kinachoingia kinabaki humo. Tangu 1990 ni eneo la ardhioevu linalotambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, na ndilo lililoufanya mji huu ujulikane duniani. Bomba likipasuka kwetu, mvua ya Aprili inajua njia.

Kivuli kilinifurahisha kukikokotoa, nakiri. Niliandika skripti fupi ya Python, mistari kama arobaini. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua liko karibu na utosi, na ile hofu ya mzee mmoja kwamba "hatutaona jua tena" haina msingi. Kivuli chetu ni cha asubuhi na jioni. Ghorofa 12 ni kama mita 36. Mwezi Machi au Septemba, saa tatu na dakika 36 asubuhi, jua likiwa nyuzi 45, kivuli ni mita 36 kuelekea magharibi. Saa tisa na dakika 36 alasiri kinakuwa urefu huo huo kuelekea mashariki, yaani juu ya paa la Mama na mtambo wake wa jua wa kuchemshia maji. Saa moja baadaye kimefika mita 62. (Hizo dakika 36 za ziada ni kwa sababu saa za Kenya zinafuata longitudo 45, ambayo sisi hatumo, Mogadishu ndio wako karibu nayo.) Kwa hiyo kuna hasara, lakini ni ya saa kadhaa za alasiri. Hivyo ndivyo nilivyoandika.

La tetemeko lilinishughulisha zaidi. Wazee wa hapa wamekua wakiambiwa kwamba ardhi ya Nakuru haibebi ghorofa ndefu, na hawakulitoa hewani: tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa lilipiga Subukia, si mbali na hapa, na mvua ikizidi tunaona nyufa zikifunguka mashambani. Lakini jengo la ghorofa sita lililojengwa ovyo linaua bila tetemeko lolote. Huruma, Nairobi, Aprili 2016, mvua tu ilitosha, na zaidi ya watu 40 walikufa. Nikaandika kwamba tunaomba ripoti ya uchunguzi wa udongo na miamba ya ploti hiyo iwekwe wazi. Hoja hiyo haikuwapendeza wote, kwa sababu ripoti inaweza kusema jengo linawezekana.

Sasa tufike kwa "aina ya watu". Rasimu niliyopewa ilikuwa na sentensi inayosema mradi "utaleta wageni wasiojulikana na tabia ngeni kwa mtaa". Niliomba itolewe. Kukawa kimya. Kisha mzee mmoja, mtu mwema ambaye amewahi kunisukumia gari, akasema, "Kijana, usijitie humo. Wewe tunakujua."

Ananijua kwa sababu nimekaa hapa miaka mitatu. Kabla ya hapo nilikuwa mgeni asiyejulikana mwenye tabia ngeni (silali kabla ya saa nane). Nyumba 96 za kupangisha, za chumba kimoja na viwili, zinajengwa kwa ajili ya nani kama si mimi? Kwa muuguzi, kwa mwalimu wa mkataba, kwa msichana wa duka la simu aliyetoka Molo au Olenguruone kutafuta kazi mjini. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye mkutano ule. Mtu hawezi kutia sahihi ya kutetea nyumba ambayo bado hajaijua kuwa ingekuwa yake.

Na katika mji huu neno "wageni" si la kuchezewa. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwishoni mwa Januari 2008, wakati majirani wa Nakuru walipogawanywa kwa neno hilo hilo, na wenzangu darasani wakahama bila kuaga. Najua wazee wetu hawakukusudia hayo. Walikuwa wakizungumzia muziki wa usiku na pikipiki getini. Lakini karatasi ikishapigwa muhuri haielezi ulikusudia nini.

Kuna historia nyingine pia, ya zamani zaidi. Ploti hizi za nusu ekari hazikushuka kutoka mbinguni. Wakati wa ukoloni Wazungu walikaa huku juu, Wahindi katikati, na Waafrika wakawekwa Bondeni. Uhuru ulibadilisha wenye nyumba, lakini ramani haukuibadilisha. Hata serikali ilipoamua kujenga nyumba 605 za bei nafuu hapa Nakuru, ilizipeleka wapi? Bondeni. Msongamano katika mji wetu unajua mahali pake, kama maji ya mvua. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.1 katika kaunti nzima. Hao wote hawawezi kuishi kwenye robo moja ya mji ili robo nyingine ibaki na miparachichi.

Mama alikuwa amenyamaza mkutano mzima. Aliposimama alisema kwamba yeye na marehemu mume wake walilea watoto watano kwenye vyumba viwili kule Flamingo kabla ya kupata huku juu. "Hao mnaowaogopa ni mimi," akasema, akaketi. Kisha akaongeza, bila kusimama, kwamba maji yake ya moto wasiyaguse. Sentensi ilitolewa kwa kura, na si kwa kura nyingi.

Nimewaahidi programu. Nilisoma Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, yote, kama ninavyosoma msimbo wa mtu mwingine. Kifungu cha 58 kinamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake na kualika pingamizi. Vizuri. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa. Isome tena. Muda ukiisha bila jibu, matokeo ni NDIYO. Mimi nikiandika programu ya benki ambayo seva isipojibu inahesabu kwamba malipo yamekubaliwa, nitafutwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Naelewa kwa nini waliiandika hivyo, maana kuna ofisi ambazo zingelalia faili miaka mitatu zikisubiri kitu kidogo. Ila sasa aliyelala ofisini ameidhinisha ghorofa 12, na mkazi asiyeridhika ana siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti. Siku 14 kuanzia uamuzi ambao hakuna aliyeuandika.

Kuna mpaka mwingine. Kanuni za mazingira za 2019 zinaweka mitaa mipya ya nyumba zaidi ya 100 kwenye kundi la hatari kubwa, ambalo lazima lifanyiwe uchunguzi kamili. Chini ya hapo njia ni nyepesi. Jengo letu lina nyumba 96. Simshuki mtu, nasema tu kwamba kila aliyewahi kuandika `> 100` anajua watumiaji hukusanyika wapi.

Mkitaka kuona mambo haya yanafika wapi, tazameni Rhapta Road kule Westlands, Nairobi. Wakazi waliipeleka kaunti na wajenzi mahakamani kuhusu maghorofa yaliyoidhinishwa hapo, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa ushindi, kisha mzozo ukapanda hadi Mahakama ya Rufaa. Ukisoma kiini chake, si ubishi kuhusu urefu pekee. Kaunti ilikuwa na mwongozo wa maeneo wa 2004 uliozeeka, na sera mpya iliyokuwa bado rasimu, na majengo yakapanda katikati ya matoleo hayo mawili. Toleo la zamani hakuna aliyeliheshimu, jipya lilikuwa halijatolewa rasmi. Tunalijua gonjwa hilo.

Barua tuliyopeleka hatimaye ina kurasa tatu. Hatukusema jengo lisijengwe. Tulisema: bomba kubwa la majitaka lilazwe kwanza kwa gharama ya mjenzi, matangi ya akiba yawepo, ripoti ya udongo iwe wazi, na ghorofa zipungue hadi nane ili kivuli kichelewe kidogo kufika kwenye paa la Mama. Wazee wawili walikataa kutia sahihi kwa sababu ni laini mno. Mimi nilitia, jina langu na neno "mpangaji" kando yake.

Sasa kila asubuhi saa kumi na mbili skripti nyingine, hii ya mistari sita, inanitumia ujumbe wa siku zilizopita tangu tarehe ya ombi iliyo kwenye ubao. Leo imesema 38. Barua ina muhuri wa kupokelewa, jibu hakuna. Kesho nina miadi na afisa wa mipango, na Mama amesema tunakwenda wote. Anataka tutoke saa moja na nusu, kabla Kenyatta Avenue haijajaa.