Toroli Lililotangulia Sakafu

Watu wanaotafuta toroli la kale la kuandalia chai huniuliza kuhusu mbao na bei. Mimi huwauliza nyumba yao ina sakafu gani. Wengine hudhani nakwepa swali, lakini nimeona toroli moja likibadilishwa kazi kila sakafu ilipobadilika, na sijui njia nyingine ya kulieleza jambo hili.

Toroli letu lilitoka Kendu Bay. Mji huo leo umepoa, ila zamani meli za ziwani zilitia nanga pale, na maduka ya Wahindi yalikuwa na kila kitu, kuanzia vitenge hadi misumari. Wenyewe waliishi nyuma ya maduka, juu ya saruji iliyopigwa polishi nyekundu hadi ikateleza. Kisha ikaja Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967, iliyowawekea wafanyabiashara wasio raia mipaka ya mahali pa kuuzia na bidhaa za kuuza. Uingereza nayo, Machi 1968, ikapitisha sheria ya kuwafungia mlango Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti zake. Familia nyingi ziliondoka mbiombio katikati ya mibano hiyo miwili, na kisichobebeka kikauzwa: makabati, mizani, vitanda vya chuma. Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alirudi nyumbani akikokota baiskeli, toroli limefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa, na kila msimulizi aliongeza urefu wa mlima.

Lilikuwa la mvule, lenye rafu mbili. Ya juu ilizungushiwa ukingo mwembamba ili vikombe visidondoke, na chini kulikuwa na magurudumu manne madogo ya shaba, kila moja dogo kuliko kifuniko cha sufuria ya uji. Kwenye saruji ya Mhindi yalikimbia bila sauti. Nyumba ya babu ilikuwa ya udongo, sakafu imesiribwa kwa samadi. Sakafu hiyo ina sifa zake: haitoi vumbi ikitunzwa, na wakati wa jua la Kendu Bay hupoza nyayo. Ila gurudumu dogo la shaba lenye mzigo huizamia. Walilisukuma siku ya kwanza, likachora mifereji kutoka mlangoni hadi kitini kwa babu. Dani, yaani bibi yetu, ambaye ndiye aliyesiriba sakafu ile kwa mikono yake, akatangaza kwamba toroli halitasukumwa tena nyumbani kwake. Basi likasimama pembeni miaka na miaka, limevishwa kitambaa cha kufuma, likabeba vyombo vya wageni. Lilikuwa kabati lenye magurudumu.

Na kulikuwa na kichekesho kingine. Dani alikuwa Msabato wa kweli kweli. Gendia, karibu tu na Kendu Bay, ndipo Arthur Carscallen, Mkanada, alipoanzisha misheni ya Waadventista mwaka 1906, na mafundisho yao hayaruhusu chai wala kahawa. Kwa hiyo toroli la chai lilikaa katika nyumba isiyopikwa chai. Lilibeba maziwa ya moto, uji, na mchaichai kwa wageni ambao nyuso zao zilionyesha kuwa walitarajia kitu kingine. Walikunywa kwa adabu, wakashukuru, wakaenda kunywa ya kweli kwa jirani Mkatoliki.

Baba ndiye aliyelipa toroli maisha. Kiwanda cha sukari cha Sony kilipoanza kusaga miwa Awendo mwishoni mwa miaka ya 1970, alinunua shamba upande ule, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Migori, akapanda miwa kama kila mtu. Malipo ya miwa yalichelewa, lakini yalipokuja yalikuja kwa pamoja, na kwa wengi yaligeuka saruji. Kwetu pia. Nyumba mpya ikapata sakafu ngumu, na toroli likaletwa kwa pikapu kutoka Kendu Bay, Dani akiwa amekwisha kutoa idhini.

Hapo ndipo nilipoona lilichoundwa kufanya. Dada zetu wakubwa walipoanza kuposwa, wageni walikuja kwa makundi. Kwa Waluo, mama mkwe na mkwewe hawaketi meza moja kula. Kuna heshima na umbali unaolindwa. Mama alisimamia kila kitu jikoni, nje, akahamishia vyakula kwenye toroli mlango wa nyuma, kisha akalisukuma ukumbini mpaka mlango wa sebule. Pale alisimama. Wasichana walilipokea, likaingia likiwa limepangwa kwa mkono wake, birika la kunawia mikono kwenye rafu ya chini, samaki juu, na yeye mwenyewe hakuonekana. Wazee waliokuja na posa walilitazama kwa heshima kubwa kuliko walivyomtazama baba. Mhindi aliyelinunua hakuwaza mila zetu hata kidogo, lakini sijawahi kuona samani iliyoelewa ukwe vizuri namna ile. Ugali tu ndio uliolishinda. Siku moja ugali wa watu kumi ulikalia upande mmoja, ukingo ukapasuka, na tangu hapo ugali ulibebwa kichwani.

Halafu televisheni ikaingia. Kijijini hakukuwa na umeme, kwa hiyo ile Great Wall nyeusi na nyeupe ilikaa rafu ya juu, na betri ya gari rafu ya chini. Jioni toroli lilisukumwa hadi mlangoni ili majirani walioketi uani waone mpira. Tindikali ya betri ikala rangi ya rafu. Doa lipo hadi leo. Baadaye dada mmoja aliyeolewa mjini alileta zulia la plastiki lenye maua, na magurudumu yakawa yanalikunja badala ya kubingiria. Ikaja seti ya meza ya kioo na stuli zake. Toroli likaenda stoo, likabeba makopo ya rangi na dawa ya kuku. Hakuna aliyelililia. Wakati huo kitu cha mbao nyeusi kilikuwa aibu. Mtu aliyeendelea alikuwa na kioo na kromu.

Sasa nyumba za Migori na Homa Bay zina vigae, na watu wanaona kwenye simu zao sebule za watu wengine zenye toroli lililojaa glasi na maua. Wanataka la kale. Nami nimezoea kulipindua toroli la kuuzwa juu chini kabla sijasema lolote. Matundu madogo ya bungua si tatizo kama ni makavu. Unga mweupe ukidondoka, wadudu bado wako kazini. Nashika mguu na kuutikisa, kwa sababu gurudumu hubadilishwa kwa urahisi lakini tundu lake likilegea mbao yote ya mguu imekwisha. Napima urefu dhidi ya mkono wa kiti, maana mgeni hapaswi kunyanyuka ili afikie kikombe. Na naangalia kizingiti. Nyumba zetu nyingi zina ngazi kati ya jiko na sebule, na magurudumu madogo hukwama hapo na chai yote. Alvar Aalto wa Ufini alilijua hilo: toroli lake la mwaka 1936 lina magurudumu mawili makubwa mbele. La kwetu nimelipeleka kwa fundi, nikamwomba aliwekee makubwa ya mpira, na wapenda vya asili wanune wakitaka.

Shida ya Migori ni hadithi. Kila toroli kuukuu, ukiuliza, lilitoka kwa wazungu wa Macalder. Mgodi ule wa shaba na dhahabu ulifungwa mwaka 1966, na kwa idadi ya matoroli niliyoonyeshwa, nashangaa walipata wapi nafasi ya kuchimba. Karibuni binamu yangu wa Homa Bay alinituma nimkagulie moja. Lilikuwa jeusi tii, na nilipolisogelea likanuka oili chafu ya injini, ambayo mafundi hupaka mbao mpya ili zizeeke kwa usiku mmoja. Nikalipindua. Skrubu zote zilikuwa za kichwa cha msalaba, mtindo ambao Henry Phillips wa Marekani alipata hataza zake mwaka 1936, na hapa kwetu fundi wa samani za kikoloni angetumia za mfuo mmoja. Nikamwonyesha muuzaji.

"Mwalimu," akasema bila kupepesa, "wazungu wa Macalder walikuwa watu wa kisasa sana."

Mbao ilikuwa mvule halisi, viungo vimekaza, na urefu ulivifaa viti vya binamu. Tukapatana bei ya toroli jipya.