Cherehani ya Kompyuta

Kwetu Mafia cherehani huhesabiwa miongoni mwa mali zinazoweza kumlisha mtu, pamoja na minazi, ng'ombe na dau. Mwanamke aliyefiwa na mume akiwa na cherehani, majirani husema huyo hatalala njaa. Ndiyo maana mazungumzo yaliyozuka nyumbani kwangu juu ya kununua cherehani ya kompyuta yalikuwa mazungumzo ya riziki. Na katika mambo ya riziki, mtu mzima hana budi kupima faida na hasara bila kupendelea kitu kwa upya wake wala kwa ukale wake.

Mjukuu wangu ni fundi wa nguo hapa Kilindoni. Alitaka kuagiza cherehani hiyo kutoka Dar es Salaam kwa mkopo wa kikundi. Mimi nilikuwa na akiba ya nazi niliyoiweka kwa ajili ya kuezeka nyumba upya, kwa kuwa mabati ya upande wa baharini yameliwa na kutu. Akaniomba nimpe akiba hiyo ili aepukane na riba. Sikumjibu siku ile. Nimefundisha miaka mingi, tangu nilipotoka chuo cha ualimu Mpwapwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kazi hiyo ilinizoeza kutolijibu swali kabla ya kulielewa.

Basi nikaanza kwa kujiuliza, hii cherehani ya kompyuta ni kitu gani hasa? Cherehani tuliyoizoea, Singer au Butterfly, huendeshwa kwa mguu. Fundi hukanyaga, gurudumu huzunguka, mkanda huvuta, na vyuma vilivyomo ndani huinua na kushusha sindano. Ukiinama ukatazama, utaona kila kinachotendeka. Cherehani ya kompyuta ina mota, na ndani yake mna bodi ya elektroniki inayoamuru sindano iende kushoto au kulia na nguo isogezwe kiasi gani. Fundi huchagua mshono kwa kubonyeza. Cherehani za namna hiyo si za jana. Singer walitoa Athena 2000, iliyokuwa na elektroniki ndani yake, mwaka 1975. Kwetu visiwani ndiko zilikochelewa kufika.

Hofu ya mashine mpya nayo ni ya zamani. Mshonaji wa Kifaransa, Barthélemy Thimonnier, alipata hataza ya mashine yake ya kushonea mwaka 1830, akafungua karakana Paris ya kushona sare za askari. Mafundi wa mjini waliivamia na kuzivunja mashine zile, wakihofia kukosa kazi. Leo wajukuu wa mafundi duniani kote wanakula kwa mashine. Na deni nalo si jambo geni katika biashara hii, kwani kampuni ya Singer ilianza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo mwaka 1856. Tangu hapo wengi wamenunua cherehani kwa mapato ambayo walikuwa hawajayapata.

Nitaje kwanza faida. Mashine hii hushona tundu la kifungo kwa kubonyeza mara moja, na matundu yote yakalingana. Anayejua taabu ya kushona matundu ya mashati ya shule wakati wa Desemba ataelewa maana yake. Hupiga zigizaga kwenye pindo ili nguo isifumuke. Nyingi zina kikono kidogo kinachopitisha uzi katika tundu la sindano, neema kubwa kwa macho yaliyozeeka. Kasi huweza kupunguzwa hata mwanafunzi asiogope. Na umeme inaotumia ni mdogo kuliko wa pasi, hata sola yenye betri na inveta inaweza kuiendesha.

Zipo pia zinazodarizi zenyewe kwa fremu, zikatoa nembo ya shule au ua la shingo ya kanzu. Lakini hapa mnunuzi awe macho. Cherehani ya kompyuta inayoshona tu ni kitu kimoja, na inayodarizi ni kitu kingine chenye bei nyingine, ingawa dukani zote huitwa jina moja.

Sasa hasara. Cherehani ya kukanyaga ikigoma, fundi huifungua, huisafisha, huitia mafuta, na mara nyingi huondoka. Mkanda ukikatika, hukatwa kipande na kuunganishwa. Bodi ya elektroniki ikiungua haishikiki kwa bisibisi. Itabidi mashine ifungwe, ipande boti hadi Nyamisati, kisha gari hadi Dar es Salaam, na huko isubiri kipuri. Siku hizo zote wateja hawasubiri. Umeme wenyewe, ambao Mafia kwa miaka mingi ulitoka katika majenereta ya dizeli, tunajua unavyopanda na kushuka, na hewa ya chumvi haina huruma kwa nyaya nyembamba. Tena mashine hizi za nyumbani hazikuundwa kwa kazi nzito. Ukiilazimisha kushona turubai au tanga, utaiua.

Ipo hasara nyingine iliyonigusa zaidi kama mwalimu. Ujuzi ambao zamani ulikaa katika mkono wa fundi, sasa unakaa ndani ya mashine. Kofia ya viua iliyodariziwa kwa mkono huchukua wiki nyingi, na aliyeishona anaweza kuishona nyingine popote alipo, hata chini ya mwembe. Anayebonyeza ua kwenye skrini hana ua hilo umeme ukikatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vitambaa vilipoadimika nchini, nilikuwa na wanafunzi ambao sare zao zilikuwa viraka juu ya viraka. Waliowasitiri ni mafundi wa cherehani za kukanyaga, waliojua kutoa kaptula moja katika mbili zilizochakaa. Ujuzi wa namna ile haukuwa umeandikwa popote.

Nilimweleza mjukuu wangu hayo yote, moja baada ya jingine, kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema, "Babu, maneno yako yote ni kweli. Lakini wewe unahesabu siku ambazo umeme utakatika. Mimi nahesabu siku ninazokaa nikiwatazama wenzangu wakishona."

Hapo ni lazima nimweleze msomaji jambo ambalo sisi nyumbani tumelizoea. Mjukuu wangu alivunjika mguu wa kulia katika ajali ya pikipiki, na mguu ule haukurudi ulivyokuwa. Hukanyaga cherehani kwa nusu saa, kisha maumivu humsimamisha. Ile ya kuzungusha kwa mkono humnyima mkono mmoja wa kuongozea kitambaa. Cherehani aliyoitaka ina kitufe cha kuanzia na kusimamishia, haihitaji mguu kabisa. Mimi nilikuwa nikipima mashine mbili. Yeye alikuwa akipima kushona na kutoshona.

Nikaona kwamba faida na hasara za chombo haziwezi kujumlishwa zikatoa jibu moja kwa watu wote. Kwa fundi mwenye miguu miwili mizima, anayeshona magunia, matanga na suruali nzito, na asiye na fedha za kurudisha mkopo mashine ikilala kwa mwezi mzima, ningesema abaki na Butterfly yake. Kwa huyu wangu, hasara zote nilizozitaja ni za kweli, lakini ni hasara za mtu anayefanya kazi. Hasara ya kukaa bure ni kubwa kuliko zote hizo.

Basi nimempa akiba ya nazi, na tumekubaliana mambo manne. Atanunua aina ambayo vipuri vyake vinapatikana Dar es Salaam, na kabla ya kurudi nayo akae siku kadhaa kwa fundi anayezitengeneza, ajue kuisafisha na kuitunza. Atanunua na stabilaiza, asiichomeke mashine ukutani hivi hivi. Kila jioni ataifunika, isilale na hewa ya bahari. Na cherehani ya zamani haitauzwa. Itabaki barazani, na binti yeyote wa mtaani atakayetaka kujifunza ataanza kwa hiyo, akanyage hadi mkono wake ujue, ndipo aguse ile yenye vitufe.

Mabati yatasubiri msimu mwingine wa nazi. Mvua ikija kabla ya hapo, tutasogeza vitanda.