Tulilala Hotelini Goma: Mlango, Maji na Hesabu



Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, mama mmoja aliniuliza mbele ya wengine: "Ni kweli mulilala katika hoteli kubwa kule Goma? Kunakuwaje?" Watu walicheka, na mimi nikacheka. Lakini ndani ya swali hilo nilisikia swali lingine: feza ya chama ilitumika namna gani? Leo nitajibu yote mawili, bila kupamba.

Kwanza niseme hivi. Wengi kati yetu tunajua kulala ugenini, lakini si kwa furaha. Miaka ya 2023 na 2024 watu wa Masisi walijaa Bulengo na kambi zingine pembeni ya Goma, chini ya bashe, juu ya mawe meusi ya volkano. Wengine walilala katika darasa la shule, familia nne chumba kimoja. Kwa hiyo mukisoma hapa chini kwamba maji ya moto yalikatika asubuhi, musifikiri nimesahau tulikotoka. Lakini anayelipa ana haki ya kusema alichopata na alichokosa.

Tulialikwa watu wawili kwenye mafunzo ya siku mbili juu ya vikundi vya akiba. Mimi nilitoka Masisi-centre. Mama mwenzangu alitoka Walikale na mtoto wake wa miezi saba mgongoni. Yeye alipita njia ya Kibua, Kashebere na Nyabiondo kwa pikipiki, akafika kwangu amejaa matope hadi kwenye magoti. Alilala kwangu, kesho yake tukashuka pamoja kupitia Mushaki hadi Sake, kisha Goma. Waliotualika walikuwa wamelipa chumba kimoja chenye vitanda viwili, dola 50 kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi. Nauli ya kurudi ilitoka katika sanduku letu.

Hoteli yenyewe si ile ya matajiri wala si lojema ya sokoni. Ni ya katikati. Iko na ndugu zake katika miji mingine, zenye jina moja, rangi moja, hata sabuni moja. Ukifungua mlango wa chumba cha Goma, ni kama umefungua cha mji mwingine.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo.

La kwanza ni mlango. Ulikuwa na kufuli linalofungwa kwa ndani, na tena mnyororo mdogo juu yake. Usiku wa kwanza mama mwenzangu aliamka mara mbili kwenda kuugusa. Mara ya tatu hakuamka tena. Asubuhi aliniambia hakumbuki ni lini alilala hivyo, bila kusikiliza njia. Kama mutaniuliza tulilipiwa nini pale, nitasema tulilipiwa ule usingizi. Mengine yote ni nyongeza.

La pili ni maji. Unafungua bomba, yanatoka, na hakuna aliyebeba bidoni. Tulimuogesha mtoto kwa maji ya vuguvugu usiku, jambo ambalo nyumbani lingetaka kuni, sufuria na nusu saa. La tatu ni shuka nyeupe, safi kabisa, ambazo hatukuzifua sisi. Nililala chali nikatazama dari, nikajiona mvivu, halafu nikajisamehe.

Sasa yasiyopendeza. Maji ya moto yaliisha saa kumi na mbili asubuhi, wakati kila mgeni anataka kuoga. Umeme ulikatika usiku mara mbili, na mashini ya kuwasha taa ilinguruma chini ya dirisha letu. Dirisha hilo lilifunguka upana wa mkono tu. Hakukuwa na mahali pa kuanika nguo za mtoto; tulizitandika juu ya kiti.

Chai ya asubuhi ilikuwa mkate, yai, kipande cha papai, na kipande chembamba cha fromaji ya pakiti iliyotoka ng'ambo. Mimi mtu wa Masisi nilikitazama kile kipande kwa muda mrefu. Milima yetu inatoa fromaji ya duara inayouzwa hadi Kinshasa, na hapa Goma, mwendo wa siku moja tu, mgeni anapewa ya pakiti! Nilimuuliza kijana aliyekuwa akihudumia. Akasema kwa upole kwamba wanaonunua chakula wana orodha, na orodha haibadilishwi jikoni. Uji wa mtoto haukuwa kwenye orodha. Lakini mpishi, mama wa makamo, alisikia, akachukua unga wetu wa sosoma akaupika bila neno. Hilo halikuandikwa popote katika kanuni za hoteli. Lilitoka kwake.

Nifike kwenye jambo lililotusumbua zaidi.

Tulipofika mapokezi tulionyesha kadi zetu za uchaguzi, tukajaza karatasi. Karatasi iliuliza jina la mume. Mwanaume aliyekuwa mbele yetu hakuulizwa jina la mke. Niliacha nafasi ile wazi, na hakuna aliyenifukuza. Mujue hili, wamama: Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke aliyeolewa awe na ruhusa ya mumewe kwa matendo mengi ya kisheria, lakini sheria ilibadilishwa mwaka wa 2016 na sharti hilo likaondolewa. Mwanamke anayesafiri kwa kazi ya chama si mtoro. Kuzungumza na mume nyumbani ni mapatano ya nyumba yenu. Si kazi ya mtu wa mapokezi.

Kisha yule dada wa mapokezi alimwona mtoto. Akahesabu: watu wawili wameandikwa, mtoto ni wa tatu. Kitanda cha ziada ni dola 10 kwa usiku.

"Dada, analala na mimi," mama mwenzangu akasema. "Hahitaji kitanda."

"Ninaelewa, Mama. Lakini ndivyo mashini inavyoandika."

Tulizungumza karibu nusu saa. Yule dada hakuwa mbaya. Alimpigia telefone mkubwa wake, naye akajibu kwamba kanuni ni moja kwa nyumba zao zote. Waliotualika hawakupatikana jioni ile. Giza lilikuwa limeingia na mtoto alikuwa analia. Tulitoa dola 20 za siku mbili kutoka nauli ya kurudi, kwa kitanda ambacho hakikuletwa hata chumbani.

Niliporudi nilisoma kidogo juu ya hoteli za namna hii, zenye jina moja katika miji mingi, na nilikuta habari iliyonishangaza. Mwaka wa 1951 baba mmoja wa Memphis, Marekani, aitwaye Kemmons Wilson, alisafiri kwa gari hadi Washington pamoja na mke wake na watoto wao watano. Njiani, nyumba za kulala wageni zilimdai feza zaidi kwa kila mtoto, hata kama watoto walilala katika chumba kilekile cha wazazi. Alikasirika sana. Mwaka uliofuata, 1952, alifungua hoteli yake huko Memphis, akaiita Holiday Inn, na moja ya ahadi zake ilikuwa kwamba mtoto anayelala chumbani kwa wazazi halipiwi. Baadaye aliwapa watu wengine haki ya kutumia jina hilo, kwa sharti la kufuata kanuni zilezile, na hoteli zake zikaenea dunia nzima.

Kumbe moja ya hoteli za kwanza za namna hii ilizaliwa kwa hasira ya mzazi aliyelipishwa kwa ajili ya mtoto! Kanuni moja kwa nyumba zote ilitungwa ili mzazi ajue mapema atakachokuta na atakacholipa. Katika safari yetu kanuni moja kwa nyumba zote ndiyo iliyotuzuilia njia, kwa sababu aliyekuwa mbele yetu na akili yake hakuwa na ruhusa ya kuitumia.

Nimefikiri pia juu ya kwetu. Hatuna hoteli za namna hii Masisi wala Walikale, na sidhani zinakuja kesho. Tuna vyumba vya parokia, na tuna lojema ndogo kando ya soko na kando ya njia, nyingi zikiendeshwa na wamama kama sisi. Tungetamani ziwe za mfano mmoja? Mimi nasema hapana. Masisi iko juu milimani: usiku wa baridi mgeni anataka blanketi mbili na maji ya moto ya miguu. Walikale iko chini msituni, karibu na mto Lowa: huko blanketi mbili ni adhabu, na kinachotakiwa ni chandarua kisichotoboka na dirisha linalopitisha hewa. Mtu akileta chumba kimoja kwa sehemu hizi mbili, mmoja wetu atatetemeka na mwingine atatoa jasho.

Lakini kuna mambo matatu ambayo yangeweza kuwa sawa kila mahali, kutoka Sake hadi Walikale, na hayataki mashini wala mtaji mkubwa.

Komeo la ndani. Katika lojema nyingi zetu mlango unafungwa kwa nje na kufuli la mwenye nyumba, lakini ndani mgeni anasukuma meza. Komeo moja la fundi wa sokoni linatosha. Mwanamke aliye peke yake atarudi kwako kwa sababu ya komeo hilo.

Maji na choo vinavyofikika usiku. Bidoni moja iliyojaa ndani ya chumba, na beseni. Kama choo kiko nyuma ya nyumba, taa ndogo na njia isiyopita mbele ya baa.

Bei iliyoandikwa ukutani, pamoja na bei ya mtoto. Kama mtoto ni bure, iandikwe. Kama analipiwa, iandikwe pia, ili mama ajue akiwa bado mchana na anaweza kwenda kwingine.

Na sisi tunaosafiri kwa kazi ya chama tujifunze kuuliza kabla ya kupanda pikipiki. Chumba kimelipiwa watu wangapi? Mtoto anayenyonya ameandikwa? Chakula gani kiko ndani ya bei, na cha jioni ni cha nani? Nani tutampigia telefone usiku kama kuna tatizo? Tutapata karatasi ya malipo? Tulisahau maswali mawili ya kwanza, na tumeyalipia dola 20.

Sasa juu ya hesabu. Katika mkutano wa Jumatano niliweka karatasi ya malipo mezani. Mama mmoja alisema mama mwenzangu angeacha mtoto nyumbani. Mwingine akamjibu: mtoto wa miezi saba aachwe na maziwa ya nani? Palikuwa na maneno, sitaficha. Mama mwenzangu alikuwa ameshaanza safari ya kurudi Walikale, na ninashukuru hakuyasikia yote. Kabla ya kuondoka alikuwa ameniachia dola 5 zake mwenyewe, akiniomba niziweke sandukuni kimya.

Sikuziweka kimya. Niliziweka mezani na kusema zimetoka wapi. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena juu ya kumwacha mtoto.

Tulikubaliana mambo mawili. Kila barua ya mwaliko itakayokuja, tutajibu kwa maandishi kwamba mama anayenyonyesha anasafiri na mtoto wake, na kwamba gharama ya mtoto ni ya wanaoalika. Na dola 5 zitarudishwa Walikale kwa mkono wa kwanza utakaopita njia ya Nyabiondo. Kama kuna mmoja wenu anayeelekea huko juma hili, apite kwa mama mweka sanduku.

Ameandika zile dola 20 katika daftari, kwenye ukurasa wa usafiri, chini ya nauli. Upande wa sababu ameandika neno moja tu: mtoto.