Pima Mguu Kwanza, Baiskeli Baadaye



Sisi mafrateri tuliozaliwa pande za Shinyanga, Kahama na Geita tulijifunza kuendesha kwenye Phoenix ya baba, mguu mmoja tukiupitisha katikati ya fremu kwa sababu bomba la juu lilitufika kifuani. Hakuna aliyetuuliza urefu wetu. Baiskeli ilikuwa moja na nyumba nzima iliizoea: baba alipakia pamba, kaka alichotea maji, mama alibebwa kwenye keria kwenda zahanati. Kwetu mtu akiuliza "baiskeli yako namba ngapi?" anauliza tairi: 24, 26 au 28. Fremu haimo kwenye mazungumzo.

Mwenzetu mmoja alipopangiwa mwaka wa uchungaji kwenye parokia ya upande wa Geita, ambako vigango vimetawanyika kati ya vijiji na machimbo ya dhahabu, tulikubaliana kumchangia anunue baiskeli ya resi ya mtumba. Sehemu kubwa ya njia yake ni lami, na pikipiki ya parokia ni moja tu. Pesa ilitosha kununua mara moja, si mara mbili. Tena tulikuwa tunamfahamu katekista mmoja aliyenunua baiskeli ya namna hiyo kwa kuipenda rangi. Muuzaji alimwambia, "Hii inakufaa kabisa, shusha siti tu." Siti ikashushwa mpaka mwisho, lakini usukani ulibaki mbali. Baada ya miezi miwili vidole vilikuwa vinamfa ganzi, magoti yanauma, na kwenye kigango cha mbali akawa anakwenda kwa miguu kama zamani. Baiskeli ipo, imeegemea ukuta.

Wapo waliotucheka. Baba zetu, walisema, wameendesha Phoenix miaka yote bila kupima chochote. Ni kweli, lakini kwenye Phoenix unakaa wima, siti ina springi, na mikono inapumzika. Kwenye resi unainama, uzito unagawanyika kati ya siti, pedeli na mikono, na mwili unabaki katika mkao huo saa nzima au zaidi. Kosa la sentimita 2 ambalo Phoenix ingelisamehe, hapa linadaiwa kila unapozungusha pedeli.

Tairi nazo hazikusaidii kuchagua. Karibu resi zote za watu wazima zina magurudumu ya kipimo kimoja, kile kinachoandikwa 700C, awe mwendeshaji mfupi au mrefu. Kinachobadilika ni fremu, nayo hupimwa kwa sentimita kwenye bomba la siti, kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli kwenda juu.

Tulimsimamisha mwenzetu bila viatu, mgongo ukutani, miguu imeachana kidogo. Tukapitisha kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, tukakivuta juu mpaka kikabana kama siti inavyobana, tukaweka alama ya penseli ukutani. Kutoka sakafuni hadi kwenye alama: sentimita 82. Mafundi wengi huzidisha kipimo hicho kwa 0.66, na jibu likaja 54. Kwa urefu wa siti, kutoka ekseli ya pedeli hadi juu ya siti, ipo hesabu iliyoenezwa na Mmarekani Greg LeMond, aliyeshinda Tour de France mara 3: zidisha kwa 0.883. Kwake ikawa kama sentimita 72.

Hesabu hizi ni mwanzo tu. Fremu nyingi za siku hizi zina bomba la juu lililoinama kuelekea nyuma, hivyo bomba la siti huwa fupi na namba yake hudanganya. Hapo sisi tunaamini zaidi urefu wa mbele: ukiwa umeshika usukani, viwiko vikunjike kidogo na mabega yasipande masikioni. Ukisimama juu ya bomba, ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ukijikuta katikati ya namba mbili, chukua ndogo. Siti unaweza kuipandisha (usipite alama iliyochorwa kwenye bomba lake, litavunjika), na shingo ya usukani unaweza kuibadilisha. Fremu haikatwi.

Na kwa barabara zetu angalia nafasi kati ya tairi na foki. Ukitoka kwenye lami kuingia changarawe ya machimboni, tairi nyembamba ya milimita 23 ni adhabu, na mbigiri hazina huruma. Fremu isiyopokea tairi ya 28 tuliikataa hata ilipokuwa rahisi.

Tukitafuta, tulisimuliana habari za Gino Bartali, Mkatoliki wa Italia aliyeshinda Tour de France mwaka 1938 na tena 1948. Wakati wa vita alificha hati za kuwaokoa Wayahudi ndani ya mabomba ya baiskeli yake, akizisafirisha kana kwamba yuko mazoezini. Muuzaji wa mitumba alisikiliza, kisha akachungulia ndani ya bomba la siti. Palikuwa na kutu tu.

Tulipata 54 kwa mtu wa tatu. Mwenzetu anafika vigangoni, na barua zake zinaomba viraka na solusheni, si dawa ya magoti.

Sasa lipo jambo ambalo hatukulitazamia. Baiskeli ni ya mchango, kwa hiyo ni yetu sote, na akirudi inapaswa kwenda kwa atakayempokea. Katika nyumba hii tumezoea kuachiana vitabu, hata makoti. Lakini aliyetajwa kumpokea ana mguu wa sentimita 76, na hesabu inamdai fremu ya 50. Wapo wanaosema aichukue hivyo hivyo, kwani kukataa cha jumuiya ni kujidekeza. Sisi wengine tunamkumbuka katekista. Wiki iliyopita tuliwapima wote wanane watakaokwenda uchungaji mwakani, kitabu kile kile, ukuta ule ule. Wawili wanafaa kwa 54. Mmoja kati yao hajawahi kupanda baiskeli, na ameomba aanze kufundishwa Jumamosi.