Pikipiki Hufa Kabla ya Mkataba Kuisha

Abiria akisimamisha bodaboda humtazama dereva: umri wake, macho yake, kama amevaa kofia ngumu. Mimi natazama chini. Natazama meno ya sproketi ya nyuma, natazama nati ya fimbo ya breki imekazwa hadi wapi, natazama kama tairi bado lina meno au limekuwa kipara. Natengeneza pikipiki Mbagala, chini ya turubai kando ya barabara, na nyingi ninazofungua ni za mkataba. Ninachokikuta ndani yake, anayepanda nyuma hawezi kukiona, na mara nyingi hata mwenye pikipiki hajakiona.

Mkataba wenyewe uko hivi. Mwenye pesa ananunua Boxer au TVS, anamkabidhi kijana. Kijana anapeleka hesabu, yaani kiasi kilichopangwa, kila siku mpaka muda waliokubaliana uishe, kisha pikipiki inakuwa yake. Petroli juu yake, tairi juu yake, fundi juu yake. Akilaza hesabu siku kadhaa, pikipiki inachukuliwa na alichokwisha kulipa kinapotea. Kwa hiyo hela ya kwanza ya asubuhi ni ya bosi, inayofuata ni ya petroli, inayofuata ni ya unga nyumbani. Oili, breki na cheni vinasubiri siku nzuri. Siku nzuri ikifika, kuna ada ya mtoto.

Tuanze na oili, maana ndiyo inayoua nyingi. Injini hizi zinachukua lita moja hivi tu. Lita hiyohiyo inalainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Kwenye gari gia zina oili yake. Rejeta pia haipo, injini inapozwa na upepo wa kwenda. Sasa iweke Barabara ya Kilwa saa kumi na moja jioni, foleni imeshika, mishikaki ya abiria wawili nyuma, gia namba mbili, upepo hakuna. Hapo ndipo injini inapikwa. Ninapofungua bolti ya chini, mara nyingi inayotoka ni nyeusi tii, imepoteza uzito wote, na haijai hata nusu ya chupa. Iliyobaki imeshaungua na kutokea kwenye sailensa, ule moshi wa bluu mnaouona mbele yenu kwenye foleni.

Oili ikipungua, sehemu ya juu ya injini ndiyo inayoumia mapema, kwa sababu ndiko inakofika mwisho. Kamshafti inaanza kuliwa, cheni ya taimingi inalegea, injini inagonga. Dereva anaegesha, hata hazimi. "Fundi, kaza tapeti, nina abiria anasubiri." Nakaza, kelele inapungua kwa siku chache. Kilicholiwa hakirudi kwa kukazwa. Namwambia hivyo, anatikisa kichwa, anaondoka. Simlaumu sana. Najua hesabu yake ya siku hiyo haijatimia.

Wapo wanaoweka oili ya gari kwa sababu wamepewa ya bure au imebaki kwenye dumu la mtu. Baadhi ya oili za magari ya kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki imezama kwenye oili hiyohiyo. Klachi inaanza kuteleza: injini inalia, pikipiki haisogei. Kijana ananunua klachi pleti mpya, na oili ikiwa ni ileile, nazo zitateleza. Kwenye chupa ya oili ya pikipiki tafuta maandishi JASO MA. Usipoyaona, iache dukani.

Na hata chupa yenye maandishi hayo haitoshi kuaminika. Wanapita watu gereji kununua chupa tupu, zile ambazo lebo zake hazijachanika. Mimi nikishamwaga oili, chupa naitoboa kwa bisibisi palepale. Chupa nzima yenye lebo safi ikitoka hapa, itarudi dukani na oili iliyokwisha kutumika, imechujwa tu ikapata rangi.

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja mwenyewe. Alikuwa amenunua pikipiki kwa kiinua mgongo chake, na mwaka ulikuwa haujaisha injini imekufa. Alisimama pembeni wakati nafungua bloku. Ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha, ringi zimegandia kwenye pistoni.

"Mwanangu, imekuwaje? Hesabu alikuwa ananiletea kila siku."

"Shikamoo mama. Hesabu ulikuwa unaiona. Oili ulikuwa unaiona?"

Hakuwahi kuonyeshwa mahali inapopimwa. Wala hakujua kwamba pikipiki yake ilikuwa hailali. Kijana wake akiendesha mchana, jioni alimpa deiwaka hadi usiku wa manane, na yule deiwaka alimpa yeye hela ya kujazia hesabu. Jambo hili lipo karibu kila kijiwe. Deiwaka hana mkataba na mtu yeyote. Anatafuta hela ya usiku ule na kurudisha funguo. Bosi anadhani anahesabu mwaka mmoja wa kazi, kumbe injini imekwisha kufanya kazi ya miaka miwili. Yule mama alimlaumu kijana, kijana akamlaumu deiwaka. Deiwaka hakuwepo.

Breki ndizo zinazoninyima usingizi. Breki ya nyuma ya pikipiki hizi ni shuu mbili ndani ya habu. Zikiliwa, dereva anashuka na spana, anakaza nati ya fimbo, pedali inarudi juu, anaendelea. Anakaza tena na tena, mpaka uzi wa fimbo unaisha. Siku hiyo ndipo anapokuja kwangu, na nikifungua habu nakuta chuma kinasaga chuma. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kusimamisha, kwa sababu ukikamata breki uzito mwingi unahamia mbele. Vijana wanaiogopa, wanasema inabwaga. Nakuta waya wake umechomolewa, umefungwa pembeni kwa kamba. Namuuliza, "Mdogo wangu, mtoto akikatiza mbele yako utasimamaje?" Anajibu kwamba atapunguza gia.

Kisha kuna shuu za bandia. Siku moja vijana wa kijiwe walimletea mwenzao pikipiki juu ya guta. Alikuwa anatelemka kuelekea Mzinga na abiria nyuma, akagusa breki kidogo tu, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Wakaanguka wote. Abiria alivunjika mkono. Watu waliokuwa pale barabarani walishahukumu: mwendo kasi. Nilifungua habu mbele ya wenzake. Ile bitana ya breki iliyogandishwa kwenye chuma ilikuwa imebanduka nzima na kujikaba kati ya shuu na ukuta wa habu. Gundi ilikuwa imeshika kingo peke yake, katikati palikuwa pakavu. Shuu zile zilikuwa bado mpya. Vijana wanakimbia, sibishi, nawaona kila siku. Lakini ajali ikitokea, ni nani anayefungua habu kabla ya kusema chanzo ni nini?

Kwenye maduka ya spea, kuanzia Kariakoo hadi huku kwetu, muuzaji anakuuliza wazi: unataka orijino au ya kawaida? Tofauti ya bei ni kubwa, na kijana mwenye hesabu shingoni atachukua ya kawaida. Shuu nikizipokea nazigonga kwa nyundo ndogo pembeni na kusikiliza. Bitana iliyoshika inatoa mlio mmoja mkavu. Isiyoshika inachakacha. Nimerudisha nyingi dukani kwa mlio huo, na wenye maduka hawanipendi kwa hilo.

Cheni nayo ina yake. Huku kwetu mchanga ni mwingi, na vijana wanaipaka oili chafu ili isilie. Oili chafu ikichanganyika na mchanga inasaga cheni na sproketi kwa pamoja, mpaka meno ya sproketi yanapinda kama ndoano. Dereva ananunua cheni peke yake kwa sababu seti nzima ni ghali. Cheni mpya juu ya meno yaliyopinda inaharibika upesi mno. Na loki ya cheni, kile kipande kidogo cha kufungia, upande wake ulio wazi lazima uelekee kinyume na mwendo wa cheni. Ukielekea mbele, kikigongwa na kitu kinachomoka. Cheni inakatika, inajikunja kwenye sproketi ya mbele na kupasua mfuniko wa injini, au inabana gurudumu. Ni jambo la sekunde kulikagua, na nimekuta loki zilizogeuzwa hata kwenye pikipiki zilizotoka kwa fundi mwenzangu asubuhi ileile.

Mambo ya tairi za kuchonga, vioo vilivyotolewa ili kupenya kwenye foleni, na chujio la hewa lililotupwa eti pikipiki ivute, sitayarefusha. Yote yanatoka kwenye shina lilelile: anayeendesha hana hela ya kutunza, na mwenye hela haendeshi.

Ndiyo maana nawaambia mabosi wanaokuja kwangu, wale wachache wanaokuja: andika oili na breki kwenye mkataba. Hesabu ya siku moja kila wiki mbili ibaki kwa ajili ya pikipiki, isiwe ya kijana wala yako. Siku ya kubadili oili uwepo, uone inayotoka na inayoingia, na habu ifunguliwe mbele yako. Mwenye mkataba wa namna hiyo namfahamu kwa pikipiki yake: mkataba wake umeisha, na kijana bado anafanya kazi na injini ileile.

Na wewe unayepanda, kabla hujainua mguu, tazama tairi la nyuma. Kisha mwombe dereva akamate breki ya mbele aisukume pikipiki. Kama inasogea, usipande, mwambie sababu, chukua nyingine. Akikosa abiria kwa ajili ya waya wa breki, jioni atakuja kwangu kuufunga.