Siku Juu ya Mwaloni

Kwetu Voi, mtu akikutwa porini na upinde mkononi, huyo ana kesi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hata kabla ya hapo Waata, waliokuwa wakiangusha tembo kwa pinde ndefu na sumu ya msunguti, walisakwa Tsavo nzima katikati ya miaka ya 1950 na wengi wao wakaishia jela. Kwa hiyo mzee jirani yangu hapa Madison, Wisconsin, aliponialika nikakae naye mtini kuvizia kulungu, jambo la kwanza nililouliza lilikuwa karatasi. Alicheka, akanionyesha leseni yake.

Nilipompigia mama simu kumweleza, aliguna. "Mwanangu, na askari wa wanyama wa huko wamelala?"

Hawajalala, mama. Leseni inatoka kwa serikali hiyohiyo yao.

Msimu wa upinde hufunguliwa katikati ya Septemba, na tangu siku hiyo mzee alikuwa akirudi mikono mitupu. Mbegu za mialoni zilidondoka kwa wingi mwaka huo, kulungu wakawa wanashiba palepale msituni bila haja ya kuvuka kwenda mashambani, kwenye njia alizozizoea. Oktoba ilikuwa ya joto, wakahamia kutembea usiku. Kamera aliyoifunga kwenye shina la mti ilimletea picha za dume zuri, kila mara saa za giza, wakati sheria hairuhusu kupiga. Na siku moja jike alipokaribia vizuri, upepo uligeuka. Jike alikanyaga chini kwa kwato, akapuliza pua kwa nguvu, akainua ule mkia mweupe na kutimka, na kila mnyama bondeni akapata habari. Mkewe alikuwa ameanza kumuuliza, kwa upole wa kutia shaka, kama kweli huwa anakwenda kuwinda.

Tuliondoka gizani, wiki ya pili ya Novemba, tukashika njia ya kaskazini magharibi hadi kaunti ya Sauk, upande wa Baraboo. Ni nchi ya vilima vya mialoni na mashamba ya mahindi na soya. Shamba tulilokwenda ni la nduguye, ambaye soya yake huliwa na kulungu kila mwaka. Huyo hana haja ya kushawishiwa kuruhusu wawindaji. Si mbali na hapo kipo kibanda cha Aldo Leopold, bingwa wa hifadhi aliyeandika A Sand County Almanac, naye mwenyewe alikuwa akichonga pinde na kuwinda nazo. Wisconsin ilitenga msimu wa kulungu kwa wenye upinde peke yao mwaka 1934, ikaanza na kaunti hii ya Sauk na jirani yake Columbia. Mzee alinisimulia haya yote ndani ya gari, maana tukishafika, alisema, hatutazungumza tena.

Upinde wake haufanani na wowote niliowahi kuuona. Una magurudumu mawili yasiyo duara kamili, moja kila ncha, uvumbuzi wa Mmarekani wa Missouri, Holless Allen, aliyepewa hataza mwaka 1969. Kuuvuta ni kama kuinua mfuko wa kilo ishirini na saba, lakini ukifika mwisho magurudumu yanapinduka na mzigo unashuka hadi kilo tano au sita, ukaweza kutulia na kulenga. Sumu hakuna. Kichwa cha mshale ni wembe mtupu, na kazi yake ni kukata mishipa na mapafu. Ndiyo maana ukaribu ni kila kitu: mwenye bunduki anaweza kupiga ng'ambo ya bonde, ila mzee hapigi zaidi ya hatua thelathini, hata kama anaamini angepata.

Tulipanda kwenye kiti cha watu wawili kilichofungwa kwenye mwaloni, mita tano hivi juu, tukajifunga mikanda ya usalama. Mzee aliminya kichupa cha unga mweupe, akautazama ukielea polepole kurudi tulikotoka. Akatikisa kichwa kuridhika. Kisha ikawa baridi. Sijui niieleze vipi baridi ya kukaa bila kujongea chini ya nyuzi sifuri. Vidole vya miguu nilivisahau kabla jua halijatoka. Kindi mmoja alifukua majani makavu kwa kishindo cha nyati, nikadhani mambo yameiva. Mzee hakugeuka hata kidogo.

Novemba ndiyo majira ya kupandana, na dume lililokuwa likijificha mchana husahau hekima yake yote. Jua lilikuwa limepanda kiasi jike alipotokea mbio kutoka bondeni, akapita chini yetu. Nyuma yake dume, pua chini, akifuata harufu. Mzee alisubiri kichwa cha dume kipite nyuma ya shina ndipo akavuta. Dume hakusimama. Mzee, upinde ukiwa umevutwa, akatoa sauti ya mbuzi: "Mee!" Dume akasita hatua ishirini hivi kutoka kwetu, akageuza shingo kutazama. Nikasikia mlio mkavu, dume akarusha miguu ya nyuma na kupotea vichakani.

Nilitaka kushuka mara moja. Mzee alinishika mkono: nusu saa. Mnyama aliyejeruhiwa akifukuzwa hukimbia mbali, asipofukuzwa hulala. Tuliposhuka tuliukuta mshale umechoma udongo, na mzee akaniita nitazame damu: nyekundu nyepesi, ina mapovu madogo. Mapafu. Ingekuwa ya kijani na yenye kunuka, tungerudi nyumbani tukangoja saa nyingi. Tulifuata matone jani kwa jani, nami ndiye niliyeona tumbo jeupe nyuma ya gogo. Mzee aligusa jicho kwa ncha ya kijiti kuhakikisha, akavua kofia, akakaa chini kando yake bila neno.

Baada ya hapo ni kazi. Kupasua, kutoa matumbo, kuburuta kilima kizima huku jasho likitutoka kwenye baridi ile, kisha kumsajili kwa simu, jambo ambalo sheria inataka lifanyike kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya pili. Kichwa nilikiomba mimi, nikiwaza supu. Sikupewa. Tangu mwaka 2002 kusini mwa Wisconsin kuna ugonjwa wa ubongo unaowakondesha kulungu hadi kufa, na ingawa haujathibitishwa kumpata binadamu, nyama ya aliyeugua inashauriwa isiliwe. Kichwa kilitiwa kwenye mfuko, kikaachwa kwenye sanduku la vipimo kando ya barabara. Majibu huchukua wiki mbili hivi, kwa hiyo paja nililogawiwa limelala kwenye friza, nami nimeshanunua dania na tangawizi.

Kibali cha dume mzee amekitumia. Cha jike bado anacho, na msimu hauishi hadi mapema Januari. Ameniambia nikitaka kurudi, ninunue soksi za maana.